Siha, Subira na Kurejea Mashindanoni

Miongoni mwa masuala ambayo hayajapata jibu moja tangu wanadamu waanze kufikiri juu ya miili yao na juu ya Muumba wa miili hiyo, liko hili: mtu aliyeugua hata akatazamana na mauti, kisha kwa kudura ya Mwenyezi Mungu akarudishiwa siha yake, je, ana haki ya kuuingiza mwili ule ule katika mashaka na hatari za zamani, au imempasa aketi, ashukuru, na kuutunza kama shehena iliyookolewa katika chombo kilichozama? Wako wasemao kwamba mwili ni amana, na kwamba aliyekwisha kuona jinsi amana ilivyokaribia kupotea hana udhuru wa kuichezea mara ya pili. Wako pia wasemao kwamba neema isiyotumiwa ni neema iliyokanushwa, kwa hiyo aliyepewa miguu yenye mbio, akaikunja barazani kwa hofu, amemkufuru Aliyempa. Kila upande una hoja, nami sikusudii kuudharau hata mmoja; lakini naona kwamba pande zote mbili zimesahau kuuliza yule anayerejea anarejea kutafuta nini.

Mashindano ya baiskeli yanalichunguza suala hili vizuri kuliko michezo mingi. Katika Tour de France, iliyoanza mwaka 1903, mwendeshaji wa siku hizi hukata masafa ya zaidi ya kilomita 3,000 katika majuma matatu, akipanda milima ya Alps na Pyrenees kwa nguvu za mapaja na pumzi zake mwenyewe, wala hapati mahali pa kuusitiri udhaifu wake, kwa maana mwenye homa ndogo tu huachwa nyuma na kundi mbele ya macho ya halaiki.

Mwendeshaji baiskeli Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, katika ukoo wenye asili ya Uingereza, akajifunza kazi yake katika vilima vya Kikuyu kwa David Kinjah, mwendeshaji mashuhuri wa Kenya, na akaivalia Kenya jezi kabla ya kuanza kushindana kwa jina la Uingereza. Mwaka 2010 waganga waligundua kwamba ana kichocho. Msomaji wa Pemba, wa Mwanza au wa mashamba ya mpunga ya Mwea aujua ugonjwa huo kwa jina na kwa madhara: vijidudu vyake hutoka katika konokono wa maji baridi, hupenya ngozi ya mtu aogaye au avuaye pasipo yeye kuhisi, hukua wakawa minyoo ndani ya mishipa, na huko hula chembe nyekundu za damu, zile zile zinazochukua hewa kuipeleka katika misuli. Kwa mkulima jambo hili huwa uchovu wa kila siku ambao huenda asiupe jina. Kwa mtu ambaye riziki yake yategemea kiasi cha hewa kinachofika mapajani, ni kuibiwa nyenzo ya kazi usiku na mchana. Dawa iko, nayo ni vidonge ambavyo watoto wa skuli zetu huvimeza kila mara, lakini Froome alilazimika kuirudia zaidi ya mara moja.

Katika hali hiyo, mwaka 2011, alimaliza wa pili katika mashindano ya kuizunguka Hispania, akizidiwa kwa sekunde 13 na Juan José Cobo. Baadaye alitwaa Tour de France mwaka 2013, kisha 2015, 2016 na 2017. Halafu, tarehe 12 Juni 2019, mjini Roanne nchini Ufaransa, alipokuwa akiipima njia kabla ya mashindano, aliondoa mkono mmoja katika usukani, upepo ukamyumbisha, akagonga ukuta kwa kasi ya zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Mfupa wa paja, kiwiko na mbavu vikavunjika. Mwezi uliofuata ilimfikia habari kwamba Cobo amevuliwa taji la 2011 kwa kosa la kutumia dawa zilizoharimishwa, na kwamba taji lile sasa ni lake. Ujira wa kazi aliyoifanya zamani ulimjia baada ya miaka minane, katika majira ambayo hakuweza kushindana na yeyote.

Februari 2020 alirudi mashindanoni, huko katika Falme za Kiarabu, lakini nguvu za zamani hazikurudi pamoja naye. Mwaka 2021 alimaliza Tour de France nyuma ya watu zaidi ya mia moja. Tarehe 14 Julai 2022, katika mlima wa Alpe d'Huez, alifika wa tatu, na waliompenda wakadhani kwamba saa ya malipo imewadia. Siku chache baadaye akapatikana na Korona, akajitoa. Hajapata ushindi tangu siku ile ya Roanne.

Hapa ndipo fikra zetu za dini zinapoingia majaribuni. Tumezoea kukisoma kisa cha Nabii Ayubu kwa kuanzia mwisho wake, pale aliporudishiwa afya na jamaa na mali, tukaifanya subira yake kuwa bei, na marejesho yale kuwa bidhaa iliyonunuliwa kwa bei hiyo. Lakini subira ya Ayubu ilikuwa imetimia kabla hajarudishiwa hata unywele mmoja, na lau kisa kingekoma juu ya kitanda cha ugonjwa, daraja lake mbele ya Mola wake lisingepungua. Imamu Ghazali, katika kitabu chake kikuu cha kuhuisha elimu za dini, aliziweka subira na shukrani katika mlango mmoja, naye alikuwa na hekima kubwa kufanya hivyo, kwa sababu mwenye subira asiye na shukrani hugeuka kuwa mdai: huhesabu maumivu yake kama fedha aliyoiweka akiba, kisha huudai ulimwengu umlipe.

Hesabu hiyo ya malipo tunaiona pia katika kisa cha mwendeshaji mwingine: Mmarekani Greg LeMond alipigwa kwa bahati mbaya na bunduki ya marisau mawindoni California, Aprili 1987, na baadhi ya chembe za risasi zimebaki mwilini mwake hata karibu na moyo. Mwaka 1989, siku ya mwisho ya Tour de France, katika kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris, aliondoa sekunde 50 alizokuwa nyuma ya Laurent Fignon, akamshinda kwa sekunde 8. Watu husimulia jambo hili kama ushahidi kwamba aliyevumilia hulipwa. Lakini Fignon naye alikuwa mtu aliyerejea: baada ya kushinda mwaka 1983 na 1984 alipasuliwa mshipa wa kisigino, akapitia miaka ya kudhoofika kabla ya kusimama tena. Je, tuseme kwamba subira yake ilipungukiwa kwa kadiri ya sekunde 8? Siwezi kuamini kwamba mizani ya Mwenyezi Mungu yasomwa kwa saa ya waamuzi.

Na mwendeshaji Lance Armstrong? Mwaka 1996 alipatikana na saratani iliyokwisha kufika mapafuni na ubongoni, akapona, akashinda Tour de France mara saba mfululizo kuanzia 1999, na wagonjwa wa nchi nyingi wakaning'iniza matumaini yao katika jina lake. Mwaka 2012 alinyang'anywa mataji yote kwa udanganyifu wa dawa, na mwaka uliofuata akakiri. Kupona kwake kulikuwa kwa kweli. Ushindi ndio uliokuwa wa uongo. Nauhuzunikia msiba huu kuliko ninavyoulaani, kwa sababu sisi watazamaji tulikuwa na sehemu yetu ndani yake: hatukuridhika kumwona mtu aliyetoka kaburini akiendesha baiskeli, tukataka awe pia wa kwanza.

Kwa hiyo nasema kwamba kurejea kunajuzu, nako ni shukrani, kwa sharti kwamba mganga ameridhia, kwamba wanaomtegemea mtu huyo hawakufichwa hatari, na kwamba moyo wake umekubali kabla ya safari kuwa huenda hatashinda tena. Asiyeweza kulikubali hilo la tatu angoje, hata kama mifupa imeunga. Nawe, msomaji, ukimwona katika njia za kijiji chako kijana aliyetoka hospitali juzi akipanda kilima nyuma ya wenziwe wote, mpe maji na umwombee heri, wala usimwulize amefika wa ngapi.