Haki ya Kushuku

Msomaji wa riwaya za upelelezi ana malalamiko mawili ambayo ukiyakutanisha yanagombana. Akimaliza kitabu kimoja hunung'unika kwamba muuaji alimjua mapema mno, kurasa zilizobaki akazisoma kwa kutimiza wajibu tu. Akimaliza kingine hung'aka kwamba muuaji kachomolewa hewani, hakudokezwa popote, mwandishi kawachezea wasomaji. Anataka asijue, na papo hapo anataka iwe ilikuwa inawezekana kujua. Wapo wanaoona huo ni ukaidi wa mtu asiyeridhika na chochote. Mimi naona yote mawili ni dai moja, tena zito kuliko linavyoonekana: kwamba mtu asitiwe hatiani, hata mtu wa kubuni asiye na shingo ya kutiwa kitanzi, ila kwa ushahidi uliowekwa wazi mbele ya wote. Dai hili nataka kulifuata kutoka kwenye rafu ya vitabu hadi Mwandoya na vijiji vingine vya Meatu, mkoani Simiyu, kwa sababu huko kushuku bila ushahidi kumewahi kugharimu roho za watu.

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilianza na dai hilohilo. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka kama kitabu mwaka 1960. Mauaji yanahusishwa na mzimu, mahali ambapo watu huenda na nadhiri zao na hofu zao, na jibu liko tayari kabla swali halijaulizwa: ni kazi ya wasioonekana. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni, hakubali. Hana ugomvi na dini ya mtu wala hawacheki wanaoogopa. Anauliza tu nani alikuwa wapi, nani anafaidika na kifo hiki, na maneno ya nani hayalingani na maneno yake mwenyewe ya jana. Miaka thelathini hivi kabla yake, mwaka 1929, Ronald Knox wa Uingereza alikuwa ameandika kanuni kumi za riwaya za aina hii, mojawapo ikikataza nguvu zisizo za kawaida kutumika kufumbua fumbo. Knox alikuwa padre wa Kikatoliki. Mtu aliyeamini miujiza altareni aliipiga marufuku kwenye hadithi ya mauaji, na sioni kwamba alijipinga. Alijua kwamba jini hawezi kuhojiwa, kwa hiyo anayemtaja jini kama sababu amejiondolea mzigo wa kuthibitisha.

Tatizo linaanza kitabu kinapokuwa mfululizo. Bwana Msa aliendelea hadi Kosa la Bwana Msa la 1984. Willy Gamba wa Elvis Musiba alizaliwa mwaka 1974 katika Kufa na Kupona, akaenda kupigana Kinshasa katika Kikosi cha Kisasi mwaka 1979, na hakuishia hapo. Joram Kiango wa Ben Mtobwa aliwakesha vijana wa miaka ya 1980 na baadaye. Msomaji wa mfululizo haingii kitabu cha nne kama alivyoingia cha kwanza. Ameshakuwa na ndugu ndani. Anajua Willy Gamba hatakufa, kwani kitabu kinachofuata kimeshatangazwa, na anajua kwamba mtu huyu hata akiua ameua kwa haki. Maoni yake yanabadilika sauti. Haulizi tena kama hukumu ilistahili. Anauliza kama shujaa wake ametendewa vyema. Arthur Conan Doyle alipomuua Sherlock Holmes mwaka 1893 wasomaji walimjia juu, na miaka kumi baadaye alimfufua. Hakuna aliyewauliza wasomaji hao ushahidi. Walikuwa wakidai mtu wao.

Sisemi mapenzi hayo ni mabaya. Bila hayo hakuna mtu angenunua kitabu cha pili, na mwandishi wa Kiswahili, ambaye soko lake halijawahi kuwa nono, anayahitaji kuliko mwenzake wa London. Ila tuyatambue yalivyo: ni imani inayotangulia ushahidi, na ina kivuli chake. Anayemwamini mmoja bila kuuliza hana kizuizi cha kumshuku mwingine bila kuuliza. Katika mifululizo mingi ya kusisimua mhalifu hujulikana kwa sura kabla ya matendo: kovu, jicho bovu, cheko la ajabu, ugeni wake. Msomaji aliyekwisha kumkabidhi shujaa dhamana yote huruka mhalifu anapopigwa risasi, wala hajali kwamba yaliyothibitishwa dhidi yake ni sura yake tu.

Hapo ndipo riwaya ya kisaikolojia inapokuja kuharibu starehe, na ndiyo maana kitabu cha aina hiyo kikitokea katikati ya mfululizo hugawanya wasomaji kuliko vingine vyote. Swali lake linahama kutoka nani kwenda kwa nini, na kutoka alama za miguu kwenda kwenye nafsi. Mtobwa aliwahi kukipa kitabu jina Najisikia Kuua Tena, na jina peke yake linamweka msomaji mahali asipopazoea, maana anayesema "mimi" hapo ni mwenye hamu ya kuua. Agatha Christie alikwenda mbali zaidi mwaka 1926 katika The Murder of Roger Ackroyd, ambamo muuaji ni msimulizi mwenyewe, yule tuliyekuwa tukimwegemea tangu mstari wa kwanza. Wapo waliosema amewatapeli. Lakini rudi nyuma ukisome tena: dakika zilizorukwa zimerukwa mbele ya macho yako. Ushahidi ulikuwepo, kilichokosekana ni utayari wetu wa kumshuku anayetusimulia. Kwa hiyo lalamiko la "huyu siye shujaa tuliyemzoea" na lalamiko la "hukumu hii haina ushahidi" yanafanana kwa sauti na yanatofautiana kwa uzito. La kwanza ni uaminifu kwa mtu. La pili ni haki. Riwaya ya kisaikolojia iliyofanywa vizuri hulinyima la kwanza ili ilitimize la pili, na msomaji anayetukana kitabu kwa sababu kimemfanya amtilie shaka rafiki yake wa miaka kumi amekisifu bila kukusudia.

Sasa twende Meatu. Kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012, wilaya hii, kama Bariadi na Maswa, ilikuwa chini ya Shinyanga, ndani ya Usukuma ambao jina lake lilisemwa kwa muda mrefu pamoja na mauaji ya vikongwe. Takwimu alizozieleza Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zinaonyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa visa vya uchawi, 2,286 kati yao wakiwa wanawake, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea Usukumani. Ushahidi ulikuwa nini? Mara nyingi ulikuwa macho mekundu ya bibi, ambayo moshi wa jikoni wa miaka hamsini, wa kuni na samadi kavu, unatosha kabisa kuyaeleza. Au ulikuwa neno la mpiga ramli aliyefuatwa na familia yenye msiba. Serikali ilipowapiga marufuku wapiga ramli mwaka 2015, wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino, jina lililoshika midomoni lilikuwa ramli chonganishi, na lilitaja kazi yenyewe: kumpa aliyefiwa jina la jirani. Ukiipima kama riwaya, ramli ni kitabu kinachoanzia ukurasa wa mwisho. Jina la muuaji linatolewa kwanza, kisha kila alichofanya mtajwa tangu mwaka juzi kinageuzwa kuwa dalili. Alikuja kuomba chumvi? Dalili. Hakuja msibani? Dalili. Alikuja msibani akalia sana? Hiyo ndiyo kubwa kuliko zote. Msomaji anayenung'unika kwamba mwandishi kamchomoa muuaji hewani angekuwa, katika kikao cha namna hiyo, mtu wa thamani kuliko wote waliohudhuria.

Pingamizi la kwanza, na silo dogo, ni kwamba riwaya hizi zinafundisha kinyume. Ndani yake kila mtu ni mshukiwa: mpishi, daktari, mjane mpole. Je, kusoma vitabu ishirini vya namna hiyo hakumwachii mtu macho ya kumtazama kila jirani kwa jicho la pembeni? Jibu langu ni kwamba kuna kushuku kwa aina mbili, na tofauti yake ni jinsi shaka inavyogawanywa. Katika riwaya ya haki shaka huanza kwa kuwagusa wote kwa usawa, tajiri na mtumishi wake, kisha hupunguzwa kwa ushahidi hadi abaki mmoja. Katika tuhuma za kijijini shaka huanza na mmoja, na huyo huchaguliwa kwa unyonge wake: mjane, mzee, asiye na mtoto wa kiume wa kumtetea, aliyeachiwa shamba ambalo mwingine analitamani. Anayeshuku wote hajamdhuru yeyote bado. Nitakubali hata hivyo kwamba vitabu vibaya vipo, vile vya kovu na jicho bovu nilivyovitaja, na hivyo vinamzoesha msomaji tabia ileile ya mpiga ramli. Ndiyo sababu maoni ya wasomaji yana kazi ya kufanya. Wasiponung'unika wao, hakuna mwingine atakayemtetea mhalifu wa karatasi.

Pingamizi la pili litatoka kwa mtu wa takwimu, na litakuwa kali. Atasema vikongwe hawakuuawa kwa upungufu wa riwaya. Mwanauchumi Edward Miguel alichunguza vijiji 67 vya Meatu hiihii, na katika makala aliyoichapisha mwaka 2005 alionyesha kwamba miaka ya mvua isiyo ya kawaida, ukame au mafuriko, mauaji ya waliodaiwa kuwa wachawi yaliongezeka karibu maradufu, huku mauaji ya aina nyingine yakibaki pale pale. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake, wengi wazee, na mara nyingi mkono uliowaua ulikuwa wa ndugu. Pamba ikifa na mtama ukifa, mdomo mmoja wa mzee unakuwa mzigo. Ni njaa, si fikra. Nakubali kila tarakimu ya hoja hii, na naona inaniunga mkono. Angalia Miguel alivyofanya kazi: aliuliza maswali ya Bwana Msa. Kifo kimetokea lini? Nani anafaidika? Mbona hutokea mwaka wa ukame na si mwaka wa mavuno, ikiwa wachawi wapo mwaka mzima? Kisha akafanya ambacho riwaya ya kisaikolojia hufanya na ya kawaida haifanyi: akauhamisha uchunguzi kutoka uso wa mtuhumiwa kwenda kwenye hali ya anayetuhumu. Njaa inaeleza kwa nini mzee ameonekana mzigo. Haielezi kwa nini mzigo huo lazima uitwe mchawi kabla haujatuliwa. Aliyeua anahitaji kujiona mlipa kisasi, si mwana aliyemkatili mama mkubwa kwa debe la mahindi, na kujidanganya huko ndiko ambako hakuna hesabu ya mvua inayokufikia. Huko ni kazi ya mwandishi.

Pingamizi la tatu ndilo linalonisumbua kweli. Kachero na mpiga ramli, kwa tofauti zao zote, wanakubaliana juu ya jambo moja: kwamba nyuma ya kifo yuko mtu. Riwaya ikianza na maiti lazima iishe na jina. Msomaji amelipa, na kitabu kisichompa jina atakitupa. Lakini mtoto wa Mwandoya aliyekufa kwa malaria hakuuawa na mtu, na hatari kubwa kupita zote ni mazoea ya kutafuta mtu. Je, riwaya ya upelelezi, hata iliyo ya haki kabisa, haiyalishi mazoea hayo? Kwa vitabu vingi jibu ni ndiyo, na sioni namna ya kuvitetea. Kinachoweza kutetewa ni kile kitabu kigumu ndani ya mfululizo ambacho wasomaji wamekilalamikia kwa sababu tofauti na zile mbili za mwanzo: kwamba muuaji amejulikana na bado hawakuridhika, kwamba mwishoni lawama imesambaa kwa baba, kwa mwajiri, kwa mwaka mbaya, hadi pingu za kachero zikaonekana ndogo. Wanakiita kitabu kisicho na mwisho. Mimi ningemwambia mchapishaji akitoe tena.

Ningependa pia mmoja wa waandishi wetu akijaribu kwa Meatu: Bwana Msa mpya, au Joram mpya, ateremke kwenye basi Mwandoya mwaka wa ukame, bibi akutwe amekufa, na kila ushahidi uwekwe mezani kwa haki. Ndugu wawili watatu watiwe mbaroni, kama inavyopasa, maana walioshika panga wana majina na njaa haiwafutii kosa. Halafu kachero abaki na kurasa thelathini, na mshukiwa asiyeweza kufikishwa mahakamani Bariadi wala kwingineko. Wapenzi wa mfululizo watalalamika, bila shaka, kwamba huyu siye kachero wao, naye mwandishi itabidi avumilie.