Mbwa Anayekataa

Vijana wa kikundi chetu hapa Nakivale wana mbwa, anaitwa Bobi, na swali lililotugawanya mwezi mzima limetoka kwake: mbwa mwenye akili ni yule anayetii haraka, ama ni yule anayejua wakati wa kukataa? Wengine watasema hilo ni swali la watu walioshiba. Subirini kidogo.

Bobi anafungua komeo la mlango kwa pua. Na kwa kuwa kila kijana anamfundisha kwa lugha yake, ameshika kwamba "kaa", "icara" na "assis" ni kitu kimoja, jambo ambalo lingewashinda watu wazima wengi wa hapa.

Mbwa wa namna hii ni mzigo. Wa kawaida ukimpa mabaki na kivuli ametosheka. Mwenye akili akikosa kazi anajitafutia, na kazi anayojitafutia ni kuiba mayai. Kwa hiyo asubuhi anatembea na mbuzi, jioni ana somo la dakika kumi, si zaidi, maana akichoka anaanza kulichukia. Akifanya vizuri anapewa kipande cha bugali papo hapo. Ukichelewa kidogo tu, hajui tena analipwa juu ya nini. Fimbo tuliikataa. Mbwa mwenye akili ukimpiga hajifunzi kosa lake, anajifunza wewe ni nani.

Mama mmoja alituuliza mbele ya watu: "Batoto hawajashiba, na ninyi munalisha imbwa?" Ana haki. Tangu 2023 familia za hapa zimegawanywa kwa makundi ya msaada, na zipo ambazo hazipewi tena kitu. Nilimwambia tu, "Mama, anakula ukoko wa sufuria na analinda mbuzi za watu." Akajibu, "Basi alinde na yangu."

Turudi kwa swali. Mwaka 1994 profesa Stanley Coren wa Kanada alitoa kitabu ambamo aina za mbwa zimepangwa kufuatana na maoni ya majaji karibu 200 wa mashindano ya utii. Wa kwanza ni border collie, mbwa wa wachungaji wa kondoo, anayeshika amri mpya kabla hujairudia mara tano. Wa pili kutoka mwisho ni Basenji. Huyo ni mbwa wa kwetu Kongo. Habweki kama wengine, ndiyo maana wawindaji humfunga kengele shingoni wajue yuko wapi porini, naye hufukuza nyama hadi kwenye nyavu bila mtu kumwambia geuka kushoto. Na jina lake ni neno lile lile walilotupiwa watu wa vijijini wakati wa Wabelgiji: basenji, washenzi.

Nilipowasomea vijana hayo, chumba kilichafuka. "Yaya," mmoja akaniambia, "huo si mtihani wa akili. Ni mtihani wa kutumwa." Kwa haki, Coren mwenyewe alitenganisha akili ya kutii na akili nyingine, kama ile ya kutatua shida. Ila orodha ndiyo inayosafiri.

Kijana mwingine alipinga, na alipinga vizuri. Mbwa asiyetii atagongwa na bodaboda, ama atamuuma mtoto, na kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Utii unaokoa. Hapo sikuwa na la kubisha.

Kilichonisaidia mimi ni mbwa wanaoongoza vipofu. Hao hufundishwa kutii kwa miezi mingi, halafu hufundishwa jambo la pili: kipofu akisema "twende" na gari linakuja, mbwa asitembee. Avutwe, asemeshwe, asimame tu. Yaani utii kwanza, kisha ruhusa ya kuuvunja kwa ajili ya uhai wa yule yule anayeamuru. Sioni namna ya kufundisha hilo kwa fimbo. Mbwa anayeogopa kipigo atavuka, na mtakufa wote wawili.

Wazazi wasikasirike sasa nikitaja watoto. Silinganishi watoto na mbwa, nalinganisha walimu. Sisi tunaofanya kazi na vijana tunapenda mtoto mtiifu: anakaa kwenye foleni, haulizi. Lakini kule tulikotoka, mtoto aliyeambiwa na mkubwa mwenye bunduki "beba hii, twende", akatii, wengi wetu tunajua alikoishia. Na hapa anakuja mtu na viatu vizuri, anasema kuna kazi nchi za nje, pasipoti nitashughulikia, usimwambie mama. Nani atapanda gari wa kwanza? Ni yule anayesifiwa kwenye ripoti. Akili iliyofundishwa kutii tu, mimi naona afadhali ingeachwa bila kufundishwa.

Jioni hizi, baada ya "kaa" na "njoo", vijana wanamfundisha Bobi kukataa chakula kutoka mkononi mwa mtu asiyemjua, maana wezi wa mbuzi huanza kwa kutupa mfupa. Ni somo gumu kwa mbwa mwenye njaa. Juzi tulimwita mgeni na sahani ya maharage. Bobi alikataa mara mbili, akatuangalia, mara ya tatu akala. Hadi leo wanabishana kama ile ihesabiwe kukataa.