Amana ya Moyo

Yasemwa kuwa moyo ni amana ya mwenyewe, na alaye chumvi na mafuta kupita kiasi ajilaumu. Hukumu hiyo ina ukweli, lakini si ukweli mzima. Katika jimbo la Karelia ya Kaskazini, nchini Ufini, wanaume wengi walikufa kwa maradhi ya moyo kabla ya uzee. Siagi, chumvi na tumbaku vilikuwa desturi. Mtoto alivirithi kabla hajajua kuchagua. Mwaka 1972, chini ya uongozi wa daktari kijana, Pekka Puska, jimbo zima lilianza kubadili mazoea. Mkazo haukuwa katika vidonge, bali katika chakula na mwenendo: akina mama walibadili mapishi, na wavutaji wakahimizwa kuacha tumbaku. Kufikia 2012 vifo hivyo, kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi, vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Basi, ikiwa desturi huweza kuua, lawama haiwezi kuwa ya marehemu peke yake. Mkono upelekao tonge kinywani ni wa mtu mmoja. Sahani imeandaliwa na wengi. Kila mtu ajitunze. Na mpishi, mchuuzi na mtawala wakumbuke kuwa mioyo ya wenzao imo mikononi mwao.