Je, ni haki kumtoza mfungwa kwa rufaa isiyo na msingi?

Tumezoea kusema kwamba rufaa ni haki ya kila aliyehukumiwa. Lakini mtu akikata rufaa isiyo na sababu yoyote, je, ni vema mahakama imtoze?

Huko Ujerumani, anayekata rufaa ya jinai akashindwa hubebeshwa gharama za rufaa hiyo. Uingereza wamekwenda mbali zaidi. Sheria yao ya mwaka 1968 inaruhusu mahakama kuamuru kwamba siku alizokaa gerezani akingojea rufaa zisihesabiwe katika kifungo chake. Wafungwa wawili walioshauriwa na mawakili kwamba hawana hoja, nao wakaendelea, walipoteza siku hizo: mmoja 28, mwingine 56. Walilalamika mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 1987 wakashindwa.

Sababu yao inaeleweka. Kila faili tupu linamchelewesha mwenye faili la kweli, ambaye pengine amefungwa bila kosa. Sisi tunaopanga foleni ya maji tunajua: anayesimama na ndoo iliyotoboka anawapotezea wenzake zamu.

Hata hivyo, mfa maji haachi kutapatapa. Mfungwa si mwanasheria. Akisikia kwamba akishindwa atakaa ndani siku zaidi, anaweza kunyamaza hata kama hana hatia. Tena tajiri hulipa gharama bila kuumia, lakini maskini huuza shamba.

Tumkumbuke Paulo. Alipokata rufaa kwa Kaisari, Agripa alisema kwamba angeweza kufunguliwa kama asingeikata. Lakini bila rufaa hiyo angeweza kurudishwa Yerusalemu, na njiani watu walikuwa wamepanga kumuua. Mtu wa nje angeiona rufaa yake kuwa ni bure. Yeye aliijua hatari yake.

Kwa maoni yangu, kushindwa si kosa. Kuchezea mahakama ndiko kosa. Basi mtu asitozwe mpaka mambo matatu yatimie: kwanza, awe ameelezwa kwa lugha anayoielewa, pili, awe amepata wakili wa kumshauri, tatu, awe anajua kwamba hana hoja, na bado anarudia. Likikosekana moja, asitozwe. Heri majaji wasome rufaa kumi tupu kuliko mmoja asiye na hatia aogope kuandika ya kwake.