Elimu ya Mifugo: Hisani au Haki?

Msafiri aendaye Arusha huona aina mbili za ufugaji. Katika miteremko ya Mlima Meru, ambako ardhi ni haba, Wameru na Waarusha hufuga ng'ombe wachache zizini na kuwakatia majani. Katika mbuga za Monduli na Simanjiro, Wamasai huyahamisha makundi yao kufuata mvua. Hazina ya umma ni yao wote. Basi yafaa tujiulize: elimu ya mifugo ipatikanayo kwa fedha ya hazina hiyo, mnyonge huipewa kwa hisani au huidai kwa haki?

Nchi hii haikusahau sotoka. Katika miaka ya 1890 iliteketeza ng'ombe wa Wamasai, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi. Miongo mingi baadaye Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo imara huko Muguga, karibu na Nairobi, katika maabara iliyozitumikia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Njia yake haikufichwa. Nchi nyingi ziliitumia, na mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani. Kama chanjo ile ingalifika kwa wenye uwezo tu, ugonjwa ungalibaki katika boma la maskini, kisha ukarudi katika zizi la tajiri.

Kinga ya ndigana kali, ugonjwa uenezwao na kupe na kuua ndama wengi, nayo ilichipuka Muguga. Ndama huchomwa vimelea hai pamoja na dawa ya kuvidhibiti. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wafugaji wengi wa kaskazini ya Tanzania wameitumia, nao huilipia wenyewe. Wako wasemao: mfugaji akiwa tayari kulipa, Serikali ya nini tena? Soko latosha.

Hoja hiyo ina uzito. Chanjo hii huhifadhiwa katika baridi kali mno, na aibebaye hadi porini astahili ujira wake. Tena tumeona majosho ya umma yakiachwa yakauke, maana kisicho na mwenyewe hakitunzwi.

Walakini tusichanganye ujira na umiliki. Mchukuzi wa maji hulipwa kwa kubeba. Kisima hakiwi chake. Chanjo ikiisha kuyeyushwa haikai, nayo hufungwa kwa dozi za ndama wengi. Kwa hiyo mchanjaji atafutaye faida huenda penye makundi makubwa, na ndama wawili wa mjane wa Meru hawamlipi gharama ya safari. Mjane huyo hakukataa kulipa, hakufikiwa. Soko halikumdhulumu kwa makusudi, lakini halikumwona.

Tena mfugaji si mgeni katika elimu hii. Kabla ya maabara, Wamasai walijua kwamba nyumbu wanapozaa ng'ombe huugua, wakawaepusha na malisho hayo. Mwaka 1960 Plowright na wenzake walitangaza kwamba wamevipata virusi vya ugonjwa huo katika nyumbu. Aliyechangia maarifa na kodi haombi msaada; anadai fungu lake.

Basi twasema hivi. Ujira wa kuifikisha elimu ulipwe na awezaye, bali mlango wake usifungwe kwa sababu ya udogo wa zizi. Serikali isihesabu kazi yake kuwa imekwisha maabarani. Wataalamu wanaofunzwa Tengeru wapewe usafiri na vifaa vya kuwafikia wenye ndama mmoja mmoja. Nasi wafugaji tuna wajibu wetu: majirani wakubaliane siku, wakusanye ndama wao pamoja, wachangiane gharama, na kulitunza josho kama mali yao, kwa kuwa ni mali yao kweli.