Ushahidi wa Asiyeona
Tarehe 3 Mei, 2000, huko Oregon, Marekani, Dave Ulmer alificha ndoo yenye vitabu na vitu vingine porini, akatangaza mahali ilipokuwa kwa vipimo vya setilaiti ili watu waitafute. Ndivyo ulivyoanza mchezo ambamo mtafutaji huandika alichokipata, na akikosa huandika, “Sikukiona.” Je, kukiri hivyo ni aibu? Sisi twasema ni wajibu. Wengi wakiandika hivyo, aliyekificha kitu hurudi kukikagua. Kikiwa kimepotea, huondolewa katika orodha ya vinavyotafutwa, na wajao hawahangaiki bure. Anyamazaye ili kulinda sifa yake huwaachia wenzake taabu ile ile. Aliyekosa naye anayo elimu ya kutoa, na kuinyima ni choyo.