Damu Iliyovilia

Mtu aliyepigwa hapa Minago akienda zahanati, huenda akarudi na karatasi ya Kifaransa yenye neno ekimosi. Asili yake ni Kiyunani: ek, yaani nje, na khymos, yaani utomvu. Damu imetoka katika mishipa yake, ingawa ngozi haikupasuka. Kifaransa cha nyumbani husema bleu, yaani buluu, neno lililozaliwa juu ya ngozi nyeupe. Juu ya ngozi yetu rangi hiyo huonekana kwa shida. Je, asiyeiona aseme hakuna jeraha? Kiswahili kimetenda haki zaidi: damu imevilia. Hakitazami rangi, chatazama damu iliyokoma kwenda, nayo hutambulikana hata kwa uvimbe na maumivu.

Hata hivyo, ndugu walimu, kitenzi hiki kina upungufu (na Kiyunani kadhalika): damu yavilia yenyewe, kana kwamba hapana mkono uliopiga. Mwanafunzi aandikapo, "Mama amevilia damu jichoni," sarufi yake ni safi, lakini mpigaji ametoroka. Mimi humtaka aongeze sentensi ya pili, yenye mtenda.